Maonesho ya Biashara ya Jumla na Mzalishaji Mdogo wa Visiwani

Kila inapokaribia Januari, mwezi ambao maonesho ya biashara huwa miongoni mwa shamrashamra za kuadhimisha Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, na kila inapokaribia Saba Saba kule Dar es Salaam, wazalishaji wa Unguja na Pemba hufika katika ofisi za biashara kuulizia mabanda. Huuliza banda litakuwa upande gani, ada yake ni kiasi gani, na kama umeme utakuwepo. Hayo ni masuali ya haki, na afisa anapaswa kuyajibu. Lakini lipo suali jingine linaloulizwa kwa nadra, nalo ndilo linaloamua kama safari ile italeta faida au hasara: ni nani atakayekuja kununua, na anataka kununua kiasi gani?

Neno maonesho limekuwa likitumika kwa mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni maonesho ya rejareja, ambapo mwananchi huingia na familia yake, akatazama, akaonja, akanunua mkoba mmoja au chupa mbili za asali, akaenda zake. Mzalishaji hupokea fedha taslimu papo hapo, na jioni huhesabu alichouza. La pili ni maonesho ya biashara ya jumla. Hapa anayeingia ni mnunuzi wa hoteli, mwenye duka, msafirishaji wa bidhaa nchi za nje au wakala wake. Haji kununua mkoba mmoja. Huja kuutazama, kuuliza bei ya mikoba 100, kuuliza itakuwa tayari lini, na kuandika. Siku hiyo huenda mzalishaji asitie hata shilingi moja mfukoni, na huenda ndiyo siku yenye faida kubwa kuliko zote za mwaka wake.

Utaratibu huu una historia. Mji wa Leipzig nchini Ujerumani ulikuwa na gulio mashuhuri tangu zama za kati, na mwaka 1497 Mfalme Maximilian wa Kwanza aliupa haki maalumu za kuendesha magulio hayo. Kwa karne nyingi wafanyabiashara walikwenda huko na mali yao yote: marobota ya nguo, ngozi, vyombo, kila kitu juu ya magari ya farasi, na kilichobaki kikarejeshwa kwao kwa gharama ile ile. Mwishoni mwa karne ya 19 mambo yalibadilika. Reli zilikwishaenea, na viwanda vilikwishaweza kutengeneza kitu cha elfu kikawa sawa na cha kwanza. Hapakuwa tena na haja ya kubeba mali yote. Mwaka 1895 Leipzig ikaanzisha maonesho ya sampuli: muuzaji huleta kielelezo kimoja cha kila bidhaa, mnunuzi huagiza kwa kukitazama, na mali hufuata baadaye. Alama ya maonesho hayo hadi leo ni herufi mbili za M, moja juu ya nyingine, kutokana na maneno ya Kijerumani yenye maana ya maonesho ya sampuli.

Msomaji ataona kwamba mageuzi yale yalisimama juu ya jambo moja tu, yaani imani ya mnunuzi kwamba atakacholetewa kitakuwa sawa na alichokiona. Bila ya imani hiyo hakuna biashara ya jumla, hata banda likipambwa vipi.

Leo maonesho makubwa ya namna hiyo hufanyika katika nchi nyingi. Yale ya Ambiente mjini Frankfurt, yanayofanyika mwezi wa Februari, hukusanya wauzaji wa vyombo vya nyumbani, mapambo na kazi za mikono, na ni ya wafanyabiashara pekee. Yale ya vyakula ya Gulfood yameanza Dubai mwaka 1987, na Dubai si mji mgeni kwa wafanyabiashara wa Zanzibar. Hapa nchini maonesho yetu ni ya mchanganyiko. Saba Saba, katika viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere barabara ya Kilwa, pamoja na yale ya Zanzibar yaliyokuwa yakifanyika Maisara na ambayo katika miaka ya karibuni yamehamia Nyamanzi, hupokea wananchi na wafanyabiashara kwa mlango mmoja. Hakuna ubaya katika hilo. Ila mzalishaji inampasa atambue kwamba kati ya watu 300 wanaopita mbele ya banda lake, huenda wawili au watatu tu ndio wanunuzi wa jumla, na wao hawavai sare.

Kwa visiwa vyetu jambo hili si dogo. Katika mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki 7. Wageni hao hula asubuhi, mchana na usiku. Hulala juu ya mashuka, huoga kwa sabuni, na hurejea kwao na zawadi. Hata hivyo sehemu kubwa ya mboga, matunda na mayai yanayoliwa katika hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje huvushwa bahari kutoka Tanzania Bara na kwingineko. Zipo sauti zinazosema kwamba wenye hoteli wanawadharau wakulima wetu. Mwandishi wa ukurasa huu hakatai kwamba dharau ipo mahali fulani, lakini amekwisha kuzungumza na wakuu wa majiko wa kutosha kujua kwamba malalamiko yao ni mengine. Msimu wao mkubwa ni kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha Disemba hadi Februari. Wanataka nyanya za kiasi kile kile kila Jumatatu na Alkhamisi, si gunia tano wiki hii na kimya wiki mbili zinazofuata. Mkulima huwaletea mali nzuri, lakini huwaletea anapokuwa nayo.

Yafaa hapa kuelezea kisa kimoja, kwa kuwa kinafundisha zaidi kuliko maelezo. Miaka kadhaa nyuma, katika maonesho ambayo hayatatajwa, mwandishi alisimama karibu na banda la kikundi cha akina mama waliokuwa wakiuza achari ya embe. Achari ilikuwa nzuri kwa ushahidi wa wote walioonja. Akaja bwana mmoja mwenye daftari, akaonja mara mbili, akauliza: "Mama zangu, mnaweza kunipatia kilo 40 kila mwezi?" Wakatazamana. Mmoja akajibu kwa furaha kwamba wanaweza. Yule bwana akauliza chupa moja ina gramu ngapi. Hawakujua, kwani chupa zilikuwa za aina tatu zilizokusanywa, na zilijazwa kwa jicho. Akauliza inakaa muda gani ikifunguliwa. Wakasema inakaa sana. Akauliza embe zikimalizika watafanyaje. Hapo hapakuwa na jibu. Yule bwana aliwashukuru kwa adabu kamili, akanunua chupa moja kwa ajili ya nyumbani kwake, akaondoka. Jioni akina mama wale walikuwa na furaha, kwani waliuza chupa zote walizokuja nazo. Hawakujua kwamba siku ile walipoteza kazi ya mwaka mzima.

Masuali yale manne hayakuwa mageni wala ya hila. Ni yale yale ambayo kila mnunuzi wa jumla huuliza, na kila moja lina jibu linaloweza kutayarishwa nyumbani kabla ya kupanda gari. Mizani inapatikana. Chupa za aina moja zinanunuliwa Darajani. Embe huweza kukatwa na kutiwa chumvi kwa wingi wakati wa msimu, au kikundi kikasema wazi kwamba achari ya embe hupatikana miezi kadhaa, kisha hufuata ya ndimu. Mnunuzi hachukii kuambiwa kwamba kitu kina msimu wake. Anachochukia ni kuahidiwa kisha asione kitu.

Jambo linalowaumiza wengi zaidi ni bei. Tuchukue mfano wa mkoba wa ukili, na hesabu hizi ni za mfano tu ili msomaji aweke zake. Ukindu na rangi shilingi 2,500. Bitana na mikanda 2,000. Nauli na mfuko wa kufungia 500. Jumla ni shilingi 5,000. Mama anauza mkoba huo rejareja kwa shilingi 20,000, na moyoni anahesabu faida ya 15,000. Akija mnunuzi wa mikoba 100 akataka kupunguziwa, mama anasema shilingi 12,000, akiamini kwamba bado anapata faida ya 7,000 katika kila mmoja. Lakini mkoba ule umemchukua siku mbili, tangu kusuka ukili hadi kuushona. Kama angefanya kibarua cha shilingi 6,000 kwa siku angepata 12,000. Kwa hiyo mkoba umemgharimu 17,000, naye ameuuza kwa 12,000. Katika mikoba 100 amejipunja shilingi 500,000, na amejipunja kwa furaha.

Tena hesabu ile inatoa jambo jingine. Mikoba 100 kwa siku mbili kila mmoja ni siku 200 za kazi. Mtu mmoja hawezi kuimaliza kwa miezi sita. Wanawake kumi wakigawana, ni siku 20. Hapa ndipo faida ya kikundi inapoonekana, si katika katiba na muhuri pekee. Ila kikundi cha watu kumi huleta mikono kumi, na mikono kumi husuka kwa mipana kumi. Kikundi kinachotaka kuuza kwa jumla hakina budi kuwa na kipimo kimoja: kijiti kilichokatwa kwa upana wa ukili, kamba ya urefu wa mkono wa mkoba, na rangi iliyochemshwa katika sufuria moja kwa wote. Mpishi wa halua anaelewa vyema maneno haya. Hana kitabu mbele yake, lakini wanga, sukari na samli hupimwa kwa chombo kile kile kila siku, na mteja wake wa miaka ishirini angetambua mara moja kama chombo kimebadilishwa.

Wapo wanaokasirika wanapopita Mji Mkongwe wakauona mkoba waliouuza kwa shilingi 20,000 umetundikwa dukani kwa 40,000. Hasira hiyo haina msingi. Mwenye duka analipa kodi ya pango, umeme, mfanyakazi na ushuru, na mkoba huenda ukakaa miezi minne kabla ya kupata mtu. Kuzidisha bei mara mbili ni desturi ya kawaida ya maduka ya zawadi. Kinachopasa kumshughulisha mzalishaji ni kwamba bei yake ya jumla iwe imebeba gharama zote pamoja na jasho lake, na kwamba yeye mwenyewe asisimame katika maonesho akauza rejareja kwa bei ile ile aliyompa mwenye duka. Mwenye duka akiyaona hayo hatarudi, na atakuwa na haki.

Inapasa pia kusema kweli kwamba si kila bidhaa inafaa kwa jumla. Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono kwa wiki nyingi haiwezi kuagizwa 500 kwa mwezi bila ya kuharibiwa. Kofia ya namna hiyo itafutiwe mnunuzi mmoja mmoja anayejua thamani yake. Mwenye bidhaa ambayo hakuna atakayeinunua kwa bei inayolipa kazi yake, na abaki katika rejareja bila ya kuona haya, au aibuni upya.

Malipo nayo yana mitego yake. Hoteli nyingi hulipa baada ya siku 30, na nyingine baada ya 60. Baadhi ya maduka hayanunui hasa, bali huchukua mali kauli: bidhaa hukaa dukani, na mwenyewe hulipwa ikishauzwa. Mambo haya si dhulma ikiwa yamefahamika tangu mwanzo. Lakini kikundi kilichokopa fedha ya ukindu, kikafanya kazi siku 20, kisha kikangoja siku 60, kinaweza kuvunjika huku kikidai. Kwa agizo kubwa ni halali kabisa kuomba arbuni itakayotosha kununulia malighafi, na mnunuzi wa kweli hashangai kuombwa. Asiyetoa arbuni apewe agizo dogo kwanza.

Na yote hayo yaandikwe. Watu wetu huona aibu kumtaka mtu aandike, kana kwamba wamemtuhumu. Sisi tuliokaa chuoni tukiwa wadogo tunajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikwa kwa deni na kuwekwa mashahidi. Karatasi moja inatosha: aina ya bidhaa, idadi, bei, siku ya kukabidhi, mahali pa kukabidhi, nani analipa usafiri, malipo lini, na saini mbili.

Kwa upande wa vyakula, mnunuzi wa jumla hatapokea kitu kisicho na karatasi, kwani mgeni akiugua atakayeulizwa ni yeye. Usalama wa vyakula husimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na alama ya ubora hutolewa na Taasisi ya Viwango Zanzibar. Lebo ionyeshe jina la bidhaa, vilivyomo, uzito, anuani ya mzalishaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Maduka makubwa yatataka pia mistari ya bakodi, ambayo kwa bidhaa zilizosajiliwa Tanzania huanza kwa tarakimu 620. Kazi hizi huchukua muda, na anayezianza wiki moja kabla ya maonesho amechelewa. Wenye karafuu wakumbuke kwamba zao hilo lina taratibu zake chini ya Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, na waulize kabla ya kumpa mtu yeyote bei.

Wakulima wa mwani wanahusika kwa namna ya pekee. Tangu kilimo hicho kianze kibiashara mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, sehemu kubwa ya mwani imekuwa ikiondoka nchini ukiwa mkavu, kwa bei ambayo mkulima haipangi. Sabuni na mafuta ya mwani ni katika bidhaa chache ambazo mwanamke wa Paje au Jambiani hujipangia bei mwenyewe. Kwa bidhaa hizo, agizo moja la hoteli la sabuni ndogo za vyumbani lina maana kuliko wiki nzima ya kuuza kwa wapita njia. Ila sabuni ya chumba cha hoteli ina uzito wake, umbo lake na karatasi yake. Mzalishaji aulize kwanza ndipo amimine kwenye kalibu.

Anayetoka Pemba afikirie sana kabla ya kupakia melini magunia ya mali Mkoani. Wengi wamekwisha kulipa nauli ya mzigo mara mbili, kwenda na kurudi. Kwa wanunuzi wa jumla zinatosha sampuli tatu za kila bidhaa, orodha ya bei iliyopigwa chapa, kiwango cha chini cha kuagiza, na idadi ambayo kikundi kinaweza kuitoa kwa mwezi bila ya kujikaza. Banda likaliwe na mtu mwenye mamlaka ya kusema bei, si kijana aliyeachwa kulinda. Kila anayeuliza kuhusu wingi aandikwe jina, kazi yake na nambari ya simu, kisha apigiwe ndani ya wiki moja baada ya maonesho kufungwa. Maagizo mengi hupatikana katika simu hiyo. Asiyepiga ameliacha shamba bila ya kuvuna.

Maafisa wenzetu nao wanahusika. Imekuwa ada katika baadhi ya wilaya kupeleka katika maonesho kikundi kile kile kila mwaka kwa kuwa kinajua kupokea wageni wa heshima, wakati vikundi vyenye mali iliyo tayari havipati taarifa hadi siku mbili kabla. Orodha ya washiriki ipangwe kwa kutazama mali na uwezo wa kuitoa tena. Taarifa ipelekwe kwa masheha mapema, na ibandikwe mahali inaposomwa. Taarifa ya maonesho nayo isiishie katika idadi ya mabanda na majina ya viongozi waliotembelea. Iseme ni maagizo mangapi yaliandikwa, na baada ya miezi mitatu ni mangapi yalikabidhiwa na kulipwa. Bila ya nambari hizo mbili hatutajua kama fedha ya mahema ilikuwa na kazi.

Mwisho, utaratibu wa sampuli. Agizo likishakubaliwa, zichukuliwe sampuli mbili zinazofanana, zitiwe katika mifuko na kufungwa, na pande zote mbili ziweke saini juu ya kila mfuko. Mmoja ubaki kwa mnunuzi, na wa pili kwa mzalishaji. Siku ya kukabidhi mali mifuko hiyo ifunguliwe mbele ya wote wawili, na mali ilinganishwe nayo. Wanaohitaji msaada wa kuandika makubaliano hayo wafike kwa Afisa wa Biashara wa wilaya yao siku za kazi, wakiwa na bidhaa yenyewe, mizani au kipimo chao, na hesabu ya gharama zao hata kama imeandikwa kwa penseli.